Msongo mlalo na shinikizo la vinyweleo vinapogombana: utatuzi wa matatizo kwa mabonde yenye nyufa

Ripoti ya kisima imekuletea namba tatu: msongo wima (mbano wa mwamba kutoka juu), msongo mlalo mdogo (mbano mdogo zaidi wa kutoka kando) na shinikizo la vinyweleo (la vimiminika vilivyo ndani ya vitundu vya mwamba). Kila moja ukiitazama peke yake haina neno. Ukizichora pamoja kwa kina, zinakataa kukaa: shinikizo linauvuka msongo mlalo juu ya mahali ulipopanga kuweka kesingi (bomba la chuma la kukinga kuta za kisima), au msongo mlalo umeshuka kiasi kwamba nyufa za bonde zima zingekwisha kuteleza zamani. Mwongozo huu ni wa siku kama hiyo. Nimeuandika nikiwafikiria zaidi wanaofanya kazi kwenye Bonde la Ufa: Lokichar Kusini, Ziwa Albert, Rukwa, Tanganyika, na visima vya jotoardhi vya Olkaria na Menengai.

Niseme msimamo wangu mapema. Hesabu zenyewe ni mara chache kuwa na kosa. Kosa kubwa hufanyika pale namba ya bloku moja (kipande cha mwamba kilichotengwa na nyufa) inapovushwa ng'ambo ya ufa na kutumika kwenye bloku nyingine. Katika bonde lililokatwakatwa, kila bloku ni nyumba yenye mita yake ya maji, na kusoma mita ya jirani hakukuambii bili yako. Karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini, ukiifuata hadi mzizi, inarudi kwenye jambo hilo au kwenye shinikizo la vinyweleo lililokadiriwa ovyo.

Alama: Sv ni msongo wima, Sh ni msongo mlalo mdogo, SH ni msongo mlalo mkubwa, Pp ni shinikizo la vinyweleo. Vyote kwa megapaskali, MPa. Nikitaja uzito wa tope, yaani kimiminika cha kuchorongea, ni ukilinganishwa na maji, yaani maji ni 1.0.

Kwanza, fanya kazi kwa mpangilio na weka kikomo

Anza na Sv, kisha Pp, kisha Sh, na SH mwishoni. Mpangilio huu hauna mjadala, kwa sababu kila namba inaitegemea iliyoitangulia. Ukikosea Pp kwa MPa 5, Sh yako imekwisha haribika kabla hujaigusa.

Chukua mfano wa kina cha mita 2,000, densiti ya wastani gramu 2.25 kwa sentimita ya ujazo. Sv inakuwa MPa 44.1. Maji tuli ni MPa 19.6. Tofauti yake, MPa 24.5, ndiyo inayobebwa na punje za mwamba. Karl Terzaghi alituachia wazo hilo katika miaka ya 1920, na bila hilo hakuna kinachoendelea.

Sasa kikomo. Majaribio ya maabara aliyoyakusanya Byerlee mwaka 1978 yalionyesha kwamba miamba mingi ina msuguano wa kati ya 0.6 na 0.85. Kwa msuguano wa 0.6, msongo mkubwa wa punje hauwezi kuzidi ule mdogo zaidi ya mara 3.1, ukizidi, nyufa zilizoelekea vizuri zinateleza na kuurudisha chini. Katika bonde linalotanuka, msongo mkubwa ni Sv. Kwa hiyo Sh ya chini kabisa inayowezekana hapo ni 19.6 jumlisha 24.5 iliyogawanywa kwa 3.12, yaani MPa 27.5. Kwa lugha ya tope: Pp ni 1.0, na Sh haishuki chini ya 1.40.

Rudia hesabu ileile Pp ikiwa MPa 30. Sh ya chini inapanda hadi MPa 34.5. Dirisha la tope, yaani uzito unaozuia Pp bila kuupasua mwamba, lililokuwa kati ya 1.0 na 1.40 limekuwa kati ya 1.53 na 1.76. Pp ilipanda kwa 10.4, Sh ikaifuata kwa 7. Yeyote anayekuletea Pp mpya huku Sh imebaki ileile ya jana, mrudishie karatasi zake.

Kuna jambo la pembeni linalowachanganya wengi. Mlinganyo wa vitabuni unaotumia uwiano wa Poisson (kipimo cha jinsi mwamba unavyotanuka kando ukibonyezwa), wenye dhana kwamba mwamba umebanwa pande zote na unabonyezwa kutoka juu tu, ukiwekewa 0.25 unatoa MPa 27.8 kwa mfano wetu wa kwanza. Karibu sawa kabisa na kikomo cha msuguano. Watu huona umefanya kazi na kuuamini. Katika mabonde yanayotanuka, namba hizo mbili zinakutana kwa bahati. Kinachoshikilia msongo ni nyufa zilizo karibu kuteleza. Uhamishie mlinganyo huo kwenye bonde linalobanwa uone unavyokuangusha.

Dalili: Sv haifanani na majirani

Mambo machache, ya kukagua haraka. Je, kina kimepimwa wima au kwa urefu wa kisima? Kimeanzia kwenye sakafu ya mtambo, usawa wa ardhi, au usawa wa ziwa? Je, mita mia kadhaa za juu, ambazo mara nyingi hazina logi (rekodi ya vipimo kwa kina) ya densiti, zimejazwa kwa namba gani? Na logi yenyewe, pale ukuta wa kisima ulipomomonyoka, imesoma tope badala ya mwamba. Itazame pamoja na kalipa, kipimo cha upana wa kisima, na ufute sehemu hizo.

Kwenye maziwa makubwa kuna mtego mwingine. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470. Ukiwa chini ya mita 1,000 za maji na mita 2,000 za mashapo yenye densiti 2.1, Sv ni kama MPa 51. Anayeziona zote 3,000 kuwa mwamba wa 2.25 anapata 66. Kosa la MPa 15 kabla kazi haijaanza! Ziwa Albert halina tatizo hilo kwa kiwango hicho, maana ni la kina kifupi, chini ya mita 60.

Na ukiwa chini ya mguu wa ukingo mrefu wa bonde, usiamini sana safu moja ya mwamba iliyo juu ya kichwa chako. Mlima wa pembeni nao una uzito, na karibu na uso wa ardhi unageuza mielekeo ya msongo.

Dalili: Pp iliyopimwa iko chini ya maji tuli

Mtu akiona hivyo huwa anakilaumu kifaa. Mara nyingi kifaa ni kizima. Mstari wa maji tuli ndio umechorwa vibaya.

Sababu ya kwanza ni mahali maji yanapoanzia. Katika nchi kavu, usawa wa maji chini ya ardhi unaweza kuwa mbali sana chini. Ukianza mstari wako kwenye nyasi badala ya kwenye maji, kila kipimo kitaonekana pungufu kwa kiasi kilekile, kutoka juu hadi chini. Upungufu usiobadilika kwa kina ndiyo saini yake.

Ya pili ni joto. Maji ya nyuzi 250 za Selsiasi yana densiti ya kama kilo 800 kwa mita ya ujazo. Tuseme kisima cha jotoardhi cha mita 2,000, maji yakianzia mita 400 na yakiwa na joto hilo njia nzima: shinikizo la chini ni MPa 12.6, wala si 19.6. Hapa upungufu unaongezeka kadiri unavyoshuka. Kwa Olkaria na Menengai tumia wasifu wa joto uliopimwa baada ya kisima kutulia, uikokotoe densiti kipande kwa kipande. Usisahau kwamba Pp ikishuka, kikomo cha chini cha Sh nacho kinashuka, na ndiyo sababu moja ya visima vya jotoardhi kupenda kumeza tope.

Ya tatu, bloku imekwisha nyonywa na kisima cha jirani. Nitarudi huko.

Dalili: logi inapiga kelele za shinikizo, kisima kimetulia

Njia ya Eaton ya mwaka 1975 inalinganisha kasi ya sauti katika mwamba wa tope (mwamba ulioumbika kwa udongo laini) na kasi inayotarajiwa kama mwamba ungeshindiliwa kawaida. Mwamba ukipitisha sauti polepole kuliko kawaida, maana yake maji hayajatoka na yanabeba mzigo. Tuseme kawaida ni maikrosekunde 100 kwa futi, wewe umesoma 115. Kwa kipeo cha 3, mfano wetu wa mita 2,000 unatoa Pp ya MPa 28.

Lakini mashapo ya maziwa ya kale yana tabia zake. Mwamba wa tope uliojaa mabaki ya viumbe, ule unaozaa mafuta, ni mwepesi na unapitisha sauti polepole hata kama maji yake yametulia kabisa. Eaton hajui hilo. Atakupa MPa 8 za uongo. Mtihani wake ni rahisi: tazama ukinzani wa umeme. Shinikizo la ziada la kawaida huacha maji mengi katika mwamba na kushusha ukinzani. Mwamba uliojaa mabaki, hasa ulioanza kupika mafuta, huupandisha. Sauti polepole na ukinzani juu: shuku mwamba wenyewe kwanza.

Gesi kidogo nayo hupunguza kasi ya sauti. Majivu ya volkano yaliyogeuka udongo hufanya hivyohivyo. Kwenye mfuatano wa lava na majivu, kama ule wa Olkaria, sioni sababu ya kuchora mstari wa kushindiliwa hata kidogo. Lava haikuwahi kushindiliwa. Huko tegemea vipimo vya moja kwa moja.

Dalili: logi ilikaa kimya, kisima kikaanza kurudisha

Hii ndiyo inayotia hofu, na ina sura nyingi kuliko zote.

"Jiolojia, tangi la tope linapanda," anasema fundi aliye kwenye breki.

"Linapanda pampu zikiwa zinasukuma, mzee, au baada ya kuzizima?"

Swali hilo lina thamani kuliko mchoro wowote ulio mezani. Kama tope hupotea pampu zikisukuma, kisha hurudi zikizimwa, na mrudio unapungua dakika hadi dakika bila gesi wala maji mageni ndani yake, yaelekea mwamba haujatoa kitu. Mipasuko inafunguliwa na shinikizo la pampu na kujifunga pampu zikinyamaza, ikirudisha tope lako mwenyewe. Anayedhani ni gesi na kuongeza uzito wa tope anaipanua mipasuko, na shifti ijayo mrudio unakuwa mkubwa zaidi. Kufunga kisima na kukagua ni halali wakati wowote; kuongeza uzito kabla ya kukagua ndiko ninakokupinga. Zaidi ya hayo, tukio hilo ni kipimo cha bure cha msongo: Sh iko kati ya shinikizo la tope lililotulia na shinikizo la tope linaposukumwa. Andika namba zote mbili.

Sasa, kama kweli kimiminika kinaingia na logi haikuonya, kagua haya.

Bloku iliyoinama. Nyufa za kutanuka huinamisha bloku, na tabaka la mchanga lililomo linapanda kutoka kina kirefu hadi kilele. Ndani ya mwamba wa tope wenye shinikizo la ziada, Pp inaweza kupanda kwa kiasi kinachokaribia kile cha Sv, kama MPa 22 kwa kilomita. Ndani ya mchanga, maji yanawasiliana, na yanapanda kwa MPa 10 tu kwa kilomita. Mchanga ukiwa na tofauti ya mita 600 kati ya chini na kilele, katikati yake unalingana na mwamba wa tope unaouzunguka, lakini kileleni umezidi kwa MPa 3.6. Logi imesoma mwamba wa tope. Kisima kimeingia kwenye mchanga. Hakuna aliyedanganya. Dawa yake ni ramani: pima urefu wa mchanga kutoka kilele hadi shina kwenye picha za mitetemo ya ardhi kabla ya kuchoronga, na ujue ufa upi unaukata.

Gesi iliyojikusanya kileleni inaongeza juu ya hapo. Safu ya mita 300 ya gesi yenye densiti ya kilo 150 inaongeza MPa 2.5 juu ya maji. Safu kama hiyo ya mafuta ya densiti 800 haifiki hata MPa 0.6. Jumlisha mchanga ulioinama na gesi: MPa 6, sawa na tope la 0.3 zaidi kwa mita 2,000. Hilo linatosha kuifikia Sh ya kileleni, na kwa kweli ndivyo mitego mingi ya mafuta na gesi ilivyovujia.

Joto. Vimiminika vikizaliwa au kutanuka ndani ya mwamba uliokwisha kushindiliwa, vinyweleo havirudi ukubwa wa zamani. Densiti inabaki ileile huku sauti ikipungua kidogo tu. Bowers aliliweka hili kwenye milinganyo mwaka 1995. Chora kasi dhidi ya densiti: mwamba ambao haukutoa maji hutembea nyuma kwenye njia ileile uliyojia, huu wa pili unaiacha njia, kasi ikishuka na densiti ikisimama. Ukiuona, kipeo cha 3 hakitoshi. Kwa 5, ile maikrosekunde 115 inatoa karibu MPa 32 badala ya 28. Bonde la Ufa lina joto zaidi ya mabonde mengi, kwa hiyo madini ya udongo hubadilika, na mafuta huiva, kwa kina kifupi kuliko mifano ya vitabu vya Ghuba ya Meksiko.

Kuinuliwa na kumomonyoka. Bloku ya pembeni iliyowahi kuzikwa chini zaidi ina mwamba mgumu usiolingana na kina chake cha leo. Ukiutumia mstari wa katikati ya bonde, sauti itaonekana ya kawaida, au hata kasi kuliko kawaida, na shinikizo halisi litakupita chini ya pua. Kila bloku na mstari wake.

Dalili: majaribio ya uvujaji hayakubaliani

Jaribio la uvujaji husukuma tope chini ya kesingi hadi ukuta wa kisima uanze kuachia. Kisima A kimetoa 1.45, kisima B kilomita mbili mbele kimetoa 1.80 kwa kina kilekile. Kabla ya kutafuta sababu ya kijiolojia, omba michoro ya awali ya shinikizo dhidi ya ujazo. Jedwali la muhtasari halikusaidii kitu hapa.

Tazama kama mstari uliacha kunyooka. Majaribio mengi husimamishwa kwa makusudi kabla ya hapo, pale tu inapothibitishwa kwamba kesingi inaweza kuhimili hatua inayofuata. Hayo yanasema ukuta ulistahimili hadi hapo, basi. Ukiyaweka kwenye kapu moja na majaribio yaliyofika mwisho, wastani wako hauna maana yoyote.

Mstari ukiwa umelala tangu mwanzo, shuku saruji iliyopitisha njia nyuma ya kesingi, au hewa kwenye mabomba. Ukiwa na ngazi ngazi, pampu haikusukuma kwa mwendo mmoja. Lita 40 hadi 80 kwa dakika, bila kubadilisha, ni desturi nzuri. Jaribio likiwa limefanyika kwenye mchanga badala ya mwamba wa tope, kimiminika kimepenya taratibu na kona ya mchoro imepotea.

Hata kona safi kabisa haisemi Sh. Inasema ukuta wa kisima ulianza kupasuka, na ukuta una msongo wake wa mviringo ambao Kirsch aliukokotoa mwaka 1898: unategemea Sh, SH, Pp, ugumu wa mwamba na mwinamo wa kisima. Sh yenyewe husomwa pale mpasuko unapojifunga. Endelea kusukuma hadi mpasuko uende mbali na ukuta, zima pampu, rekodi shinikizo likishuka, kisha rudia mara mbili au tatu. Shinikizo la kujifunga likirudi palepale lilipokuwa, hapo una Sh. Shinikizo la papo hapo baada ya kuzima pampu liko juu kidogo ya Sh. Ni kadirio zuri kama tope si zito kunata.

Ukishasafisha data na tofauti ikabaki, ndipo uulize ufa. Je, Pp ya visima hivyo ni moja? Pima kwa kifaa kinachoshushwa kwa waya, chora nukta dhidi ya kina. Mistari miwili sambamba yenye pengo kati yake maana yake kuna maji yaleyale pande mbili za ukuta usiopitisha. Tofauti ya Sh ikiwa theluthi mbili hivi za pengo hilo la Pp, umemaliza: hesabu ileile ya 10.4 kwa 7. Isipokuwa hivyo, angalia umbali wa kila kisima kutoka ufa wenyewe, na aina ya mwamba. Mwamba wa tope laini wenye udongo mwingi hubeba Sh kubwa kuliko mchanga mgumu wa chini yake.

Dalili: Sh iko chini ya kikomo cha msuguano

Umepata MPa 25.7 kwa mfano wetu wa Pp 19.6. Haiwezekani kwa msuguano wa 0.6. Kwanza angalia kama mtu aliweka uwiano wa Poisson wa 0.2 kutoka kwenye logi. Ndiyo namba inayotoa 25.7. Logi hupima mwamba unavyoitikia wimbi linalodumu sehemu ndogo mno ya sekunde. Haina habari za miaka milioni ya kutanuka.

Pili, huenda tope lilipotea kwenye ufa uliokuwa wazi tayari, mtu akaiita hasara hiyo Sh. Barton na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba nyufa zinazokaribia kuteleza ndizo zinazopitisha maji. Hasara ya namna hii huja ghafla kisima kinapokata ufa, na haikomi pampu zikizimwa, hata tope likiwa zito kuliko Pp kwa kidogo tu. Inakupa habari za Pp. Sh usiiulize hapo.

Tatu, Pp yako ni kubwa mno. Irudie.

Upande wa pili wa kikomo pia upo. Nyufa zilizopakwa udongo zina msuguano mdogo, hata 0.4 au chini yake, na kwa 0.4 Sh ya chini ni MPa 30.8. Bonde lenye mwamba wa tope mwingi linaweza kukaa huko juu bila ajabu yoyote.

Dalili: mwelekeo wa msongo haulingani na nyufa

Anderson alifundisha mwanzoni mwa karne iliyopita kwamba ufa wa kushuka huzaliwa ukiwa na mwelekeo wa SH. Wengi huchukua ramani ya nyufa, wakachora SH sambamba nazo, wakaenda kunywa chai. Rukwa inatosha kuwaamsha. Bonde hilo limelala kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki kwa sababu linafuata mkanda wa kale wa miamba ya Ubende, ulioumbika zaidi ya miaka bilioni moja kabla ya bonde kuanza kutanuka. Ufa wa kale ukiwa dhaifu huteleza hata kama haujaelekea vizuri. Wataalamu wamebishana kwa miongo kama Rukwa inatanuka moja kwa moja au inateleza kando pia, na ubishi wenyewe ndio somo: umbo la bonde halithibitishi msongo wa leo.

Kinachothibitisha ni ukuta wa kisima. Katika kisima kilichosimama, ukuta hubomoka upande wa Sh, na mipasuko ya kuchoronga hujipanga upande wa SH. Bell na Gough walilitambua la mibomoko mwaka 1979 kwa visima vya Kanada. Hakikisha mbomoko ni mbomoko: mkono mmoja wa kalipa ubaki karibu na ukubwa wa biti (kichwa cha kuchorongea), na kifaa kiache kuzunguka. Mkwaruzo wa mabomba kwenye kisima cha mshazari hutanua kisima upande wa juu au chini tu, na hudanganya vizuri sana.

Mibomoko ikigeuka ghafla ndani ya mita chache kisha ikarudi, furahi. Umevuka ufa ambao umewahi kuteleza na kuuvuruga msongo wa jirani yake. Jambo hilo lilionekana wazi kwenye kisima kirefu cha KTB, Ujerumani. Usiingize kipande hicho kwenye wastani wa bonde.

Na pasipo mbomoko kabisa? Kwa bonde linalotanuka si ajabu. Sv ndiyo kubwa, SH na Sh zinakaribiana, ukuta wa kisima cha wima hausumbuliwi. Ukimya huo unakubania SH kwa juu, na kwa kweli SH katika mabonde haya ni namba ninayoitoa kwa masafa tu: kati ya Sh na Sv, ikipunguzwa na upana wa mibomoko kama ipo na ugumu wa mwamba uliopimwa maabara. Anayetoa SH moja yenye desimali mbili, muulize ugumu wa mwamba aliupata wapi.

Dalili: bloku ileile, miaka michache baadaye, dirisha limetoweka

Uwanja ukizalisha, Pp hushuka na Sh huifuata. Nadharia rahisi inatoa theluthi mbili kwa uwiano wa Poisson wa 0.25. Mchanga wetu wa Pp 30 na Sh 34.5 ukipoteza MPa 10, Sh inashuka hadi karibu 27.8, yaani tope la 1.42. Mwamba wa tope ulio juu yake bado unadai 1.53. Hakuna uzito mmoja unaozitosheleza tabaka zote mbili. Inabidi kesingi ikae katikati. Kwenye uwanja wa gesi kama Songo Songo, ulioanza kuzalisha 2004, swali la kwanza la kisima chochote kipya ni shinikizo la leo, la bloku hiyo, wala si lile la kisima cha ugunduzi cha 1974.

Ukidunga maji, mambo hugeuka. Huko Rangely, Colorado, wanasayansi wa Marekani walipima msongo, wakakadiria kwamba nyufa zitateleza Pp ikifika kama MPa 25.7, kisha wakapandisha na kushusha shinikizo kati ya 1969 na 1973. Matetemeko yaliongezeka juu ya kiwango hicho na kupungua chini yake. Anayerudisha maji ardhini Olkaria au popote penye nyufa afanye hesabu hiyo kabla ya kufungua vali.

Huna jaribio hata moja

Hali ya kawaida kwenye mabonde mapya. Tumia matetemeko kupata aina ya msongo na mwelekeo wake: lile la Machaze, Msumbiji, la Februari 2006, la ukubwa wa 7.0, lilikuwa la ufa wa kushuka, na uchambuzi wa Delvaux na Barth wa 2010 umekusanya mengine mengi ya bara hili. Kumbuka tu yanatokea kilomita nyingi chini ya biti yako. Ramani ya Dunia ya Msongo, iliyoanza 1986, huzipa data daraja kuanzia A hadi E. Ukitumia ya D, ujue kosa lake linafika nyuzi 40.

Kisha toa masafa. Kwa Pp ya chini na ya juu unayoweza kuitetea, kokotoa kikomo cha chini cha Sh kwa msuguano wa 0.6, weka Sv kuwa kikomo cha juu, na uchore eneo zima badala ya mstari mmoja. Halafu mwombe meneja wa uchorongaji saa chache kwenye kiatu (mwisho wa chini) cha kesingi ijayo kwa jaribio refu lenye mizunguko mitatu na kipimo cha kujifunga. Atakuuliza kwa nini jaribio la kawaida halitoshi. Mwonyeshe upana wa lile eneo, pamoja na bei ya bomba la kesingi la ziada.